Somo la Kompyuta: Tukio Moja Limeandikwa Mara Mbili, au Ni Matukio Mawili?

Somo hili ni kwa ajili yako wewe unayekaa kwenye meza ya mapokezi na kuandika wagonjwa, chanjo na dawa katika kompyuta ya kituo cha afya. Huhitaji kuwa fundi ili ulielewe. Ukijua kufungua rejista na kuandika jina la mgonjwa, unatosha.

Tuanze na kazi unayoifahamu. Asubuhi moja unapitia rejista ya wagonjwa wa kuhara. Unakuta Bukuru, mvulana, miaka 4. Mstari wa chini yake unakuta tena Bukuru, mvulana, miaka 4. Tarehe ni ile ile. Je, utafuta mstari mmoja?

Ndugu zetu waliotoka Burundi watakuambia usiharakishe. Kwao, pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili huitwa Butoyi. Kwa hiyo katika kambi yenye familia nyingi za Warundi, watoto wawili wenye jina la Bukuru na umri mmoja si jambo la ajabu. Huenda ni mtoto mmoja aliyeandikwa asubuhi na mhudumu mmoja, na mchana akaandikwa tena na mwingine. Huenda pia ni watoto wawili wa nyumba mbili tofauti. Ukifuta bila kuuliza, unaweza kumfuta mgonjwa anayehitaji kufuatiliwa nyumbani. Ukiacha bila kuuliza, unaweza kupeleka hesabu ya mgonjwa asiyekuwepo. Kwa hiyo unauliza kwanza: namba ya kadi, jina la mama, kijiji wanachokaa.

Kompyuta nayo ina rejista yake, na humo pia mistari hujirudia. Somo la leo ni hilo: namna ya kujua kama mistari inayofanana ni tukio moja au ni matukio mengi. Nimelichagua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapo, na kosa langu lilitugharimu. Nitakueleza mbele.

1. REJISTA YA KOMPYUTA NI KITU GANI

Kompyuta inayotumia Windows huandika yenyewe kila jambo kubwa linaloipata: imewashwa, imezimwa, umeme umekatika, programu imekwama, mtu ameingia kwa neno lake la siri, diski imeshindwa kusoma faili. Hayo yote huitwa matukio, na yanawekwa katika daftari la matukio. Ni kama rejista ya zamu ya usiku. Wewe hukuwepo, lakini aliyekuwepo ameandika.

Kulifungua ni rahisi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kidirisha kidogo kitatokea. Andika humo eventvwr.msc kisha bonyeza Enter. Upande wa kushoto utaona maneno Windows Logs. Bofya hapo, na chini yake utakuta madaftari kadhaa. Matatu ndiyo tutakayoyatumia: System ni la mashine yenyewe, Application ni la programu, na Security ni la watu wanaoingia na kutoka. Hilo la mwisho hufunguliwa na msimamizi wa kompyuta tu.

Kila mstari una saa, jina la aliyeandika (yaani sehemu ya kompyuta iliyotoa taarifa), na namba ya aina ya tukio. Hii namba ya aina ni kama jina la ugonjwa. Wagonjwa kumi wanaweza kuwa na malaria, na wote utawaandikia neno malaria. Vivyo hivyo mistari kumi inaweza kuwa na namba 7 bila kuwa mstari mmoja ulionakiliwa mara kumi.

2. TAFUTA NAMBA YA KADI

Mgonjwa tunamtambua kwa namba ya kadi. Je, mstari wa kompyuta tunautambuaje?

Bofya mstari mara mbili. Dirisha litafunguka lenye kurasa mbili. Fungua ule wa pili, ulioandikwa Details, kisha bofya alama ya kujumlisha iliyo kando ya neno System. Shuka taratibu mpaka uone EventRecordID. Hiyo ndiyo namba ya kadi ya mstari huo. Kila mstari mpya unaoingia katika daftari hupewa namba yake.

Sasa linganisha mistari miwili inayofanana. Angalia mambo matatu: jina la kompyuta, jina la daftari, na namba hiyo.

Yote matatu yakiwa sawa, unaangalia mstari mmoja uliotokea mbele yako mara mbili. Mashine haijaandika mara mbili.

Namba zikiwa tofauti ndani ya daftari moja, mashine imeandika kweli mara mbili. Hapo ndipo uulize kwa nini.

Kuna mtego mmoja wa saa. Ukurasa wa kwanza unaonyesha saa za mahali ulipo. Ukurasa wa Details unaonyesha saa ya dunia, yenye herufi Z mwishoni. Hapa Uganda tuko mbele ya saa hiyo kwa saa 3. Kwa hiyo tukio la saa tatu asubuhi litaandikwa 9:00 katika ukurasa wa kwanza na 06:00 katika ukurasa wa pili. Tatu, tisa, sita: ni dakika ile ile moja. Kama kompyuta ililetwa kutoka Burundi, Rwanda au mashariki mwa Kongo na haijarekebishwa, itakuwa nyuma ya saa zetu kwa saa 1. Usiseme matukio ni mawili kabla hujarekebisha saa.

3. SABABU TANO ZA MISTARI KUFANANA

Sababu ya kwanza: unaangalia dirisha mbili za nyumba moja. Juu upande wa kushoto kuna sehemu iitwayo Custom Views, na ndani yake Administrative Events. Sehemu hii haina daftari lake. Inakusanya tu maonyo na makosa kutoka madaftari mengine ili uyaone pamoja. Kosa lililo ndani ya System utalikuta na huku pia. Anayehesabu huku na kule amehesabu mara mbili. Dawa yake ni kuchagua mahali pamoja pa kuhesabia.

Sababu ya pili: mtu amenakili mara mbili. Hii hutokea tunapotengeneza ripoti ya mwezi. Mmoja anatoa orodha ya matukio na kuibandika katika jedwali, kesho yake mwingine anatoa tena orodha ile ile na kuibandika chini yake. Dawa ni kunakili pamoja na namba za kadi za mistari. Namba, daftari na jina la kompyuta vikijirudia vyote pamoja, mstari mmoja ni wa kuondolewa katika jedwali lako. Daftari la kompyuta usiliguse.

Sababu ya tatu: mashahidi wawili wa jambo moja. Tuseme kompyuta ya mezani isiyo na betri inazimika ghafla kwa sababu jenereta imeishiwa mafuta. Ikiwashwa tena, kwa kawaida huandika mstari wenye namba 41 kutoka Kernel-Power, na mwingine wenye namba 6008 kutoka EventLog. Namba za kadi ni tofauti, maneno ni tofauti, lakini umeme umekatika mara moja tu. Ni kama baba na jirani kuja kutoa taarifa ya mgonjwa mmoja. Sisi tuliwahi kuandika idadi ya kukatika kwa umeme katika ripoti kwa kujumlisha mistari yote, na hesabu yetu ikawa mara mbili ya ile ya mlinzi wa jenereta. Mlinzi ndiye alikuwa sahihi.

Kumbuka pia kwamba saa ya mistari hiyo ni saa ambayo kompyuta iliwashwa tena, si saa umeme ulipokatika. Saa ya kuzimika utaisoma ndani ya maneno ya 6008. Mistari hiyo huandikwa pia mtu akiizima kompyuta kwa kushikilia swichi, kwa hiyo usimlaumu mtu wa jenereta kabla ya kulinganisha na daftari lake.

Katika Security kuna mashahidi wa namna hiyo pia. Mtu akiingia kwa neno la siri, huandikwa namba 4624. Akiwa ni mwenye mamlaka ya usimamizi, Windows humpa vibali viwili, kimoja cha kawaida na kimoja cha usimamizi, na huandika mistari miwili ya 4624 kwa wakati mmoja. Tena si kila 4624 ni mtu. Ndani ya mstari kuna aina ya kuingia: aina ya 2 ni mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, aina ya 7 ni mtu aliyefungua skrini iliyokuwa imefungwa, na aina ya 5 ni huduma za ndani za kompyuta yenyewe, ambazo huingia mchana na usiku. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kompyuta zetu zina siri za wagonjwa, na ni rahisi kumtuhumu mwenzako kwamba aliingia usiku mara ishirini. Soma aina kabla hujataja jina la mtu.

Sababu ya nne: kazi moja imepangwa mara mbili. Mhudumu mmoja aliiagiza kompyuta itengeneze nakala ya akiba ya rejista kila jioni. Akahama. Aliyemfuata hakujua, akaiagiza tena. Sasa kila jioni kazi inafanyika mara mbili, na taarifa zake zinaandikwa mara mbili. Hapa mistari yote ni ya kweli. Kosa liko katika mpango. Bonyeza tena alama ya Windows pamoja na R, andika taskschd.msc, na usome orodha ya kazi zilizopangwa. Ukikuta kazi mbili zinazofanana, muulize msimamizi, kisha mmoja asimamishwe kwa muda bila kufutwa. Ngoja siku mbili uone kama nakala ya akiba bado inatengenezwa. Ndipo ufute.

Sababu ya tano: ugonjwa unaorudi. Hii ndiyo ya kuogopa. Mistari inafanana neno kwa neno, lakini namba za kadi ni tofauti na saa ni tofauti: saa nne na dakika tano, saa nne na dakika kumi na mbili, saa nne na dakika ishirini. Hapo mashine inakuambia kwamba jambo lile lile linatokea tena na tena. Mtoto akiletwa na homa Jumatatu, akaletwa na homa Jumatano, na tena Ijumaa, huandiki kwamba rejista imejirudia. Unampeleka kwa daktari.

4. KOSA LANGU

Katika kituo tulipokuwa tunatunza orodha ya chanjo, kompyuta ilianza kuwa nzito. Nilifungua daftari la System. Nikakuta mistari mingi yenye alama nyekundu, yote kutoka disk, yote yenye namba 7, na maneno yake hayabadiliki: kifaa kina sehemu mbovu. Nikaona ni kitu kimoja kinajirudia kama kasuku. Nikasema, daftari limeharibika, ngoja nilisafishe. Nikabofya mahali pa kufuta daftari lote. Skrini ikawa safi. Niliona fahari.

Wiki chache baadaye kompyuta haikuwaka tena. Diski ilikuwa imekufa. Namba 7 ilikuwa inatuonya kila iliposhindwa kusoma sehemu ya diski, na mimi nilifuta maonyo nikaacha ugonjwa. Orodha ya watoto waliokuwa wanasubiri dozi ya pili ya surua ilikuwa humo ndani, na nakala ya akiba ilikuwa ya zamani. Kilichotuokoa ni daftari la karatasi na kadi walizotunza akina mama. Tulikaa siku kadhaa tukinakili upya, na kwa watoto ambao ukurasa wao ulikuwa umelowa mvua ilibidi tupite nyumba kwa nyumba kuomba kadi. Mama mmoja aliniuliza, "Si mlishaandika?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Ningelinganisha namba za kadi za mistari miwili tu, ningejua kwamba si kasuku. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

5. UKIKUTA MISTARI INAYOFANANA, FANYA HIVI

Kwanza, usifute kitu. Hata hivyo kufuta hakufichi: ukilisafisha daftari la System, kompyuta huandika tukio namba 104 kwamba daftari limefutwa, na kwa Security huandika 1102.

Pili, tunza nakala. Bofya jina la daftari kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Save All Events As, na uiweke katika flashi. Usichelewe, kwa sababu daftari lina ukubwa wake. Kwa kawaida System hupewa megabaiti 20, na likijaa mistari mipya hufuta ya zamani. Kosa linalojirudia kila dakika linaweza kulijaza daftari na kusukuma nje mistari uliyoihitaji.

Tatu, chuja. Bofya tena kwa kitufe cha kulia, chagua Filter Current Log, na uandike namba ya aina, kwa mfano 7. Sasa utaona mistari ya aina hiyo tu. Kuchuja hakufuti chochote; ukiondoa chujio, yote hurudi.

Nne, linganisha mistari miwili au mitatu: kompyuta, daftari, namba ya kadi, saa. Andika katika karatasi.

Tano, kama onyo linatoka disk au Ntfs, acha mengine yote na unakili rejista kwanza. Namba 7, 51 na 55 ni za kuangaliwa haraka. Soma ndani ya maneno kifaa kilichotajwa. Harddisk0 mara nyingi ni diski ya ndani. Harddisk1 inaweza kuwa flashi uliyoichomeka, na pengine flashi ndiyo mgonjwa. Ichomoe kwa utaratibu, uone kama maonyo yanakoma. Usianze kuendesha programu ya kurekebisha diski kabla ya kunakili rejista, maana kazi hiyo huichosha diski ambayo tayari inaumwa.

Sita, mwite fundi na umpe ulichoandika. Mpe nakala ya daftari la matukio, usimpe orodha ya wagonjwa. Tena mwambie lini ilianza. Fundi, kama daktari, husaidiwa sana na swali hilo.

Si kila kinachojirudia ni hatari. Namba 10016 kutoka DistributedCOM huonekana mara nyingi katika kompyuta nzima kabisa, na kwa kawaida haihitaji matibabu. Homa ya kila mtu si malaria. Lakini unajua hivyo baada ya kupima, si kabla.

6. MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la 1. Unaona kosa moja ndani ya System na lile lile ndani ya Administrative Events. Namba ya kadi ni moja. Ni matukio mangapi?

Swali la 2. Mwezi huu kuna mistari sita ya 41 na mistari sita ya 6008, na saa zake zinakwenda mbili mbili. Kompyuta ilizimika ghafla mara ngapi?

Swali la 3. Mistari tisa ya namba 7 kutoka disk, namba za kadi tofauti, zote zimeandikwa leo. Utafanya nini kwanza?

Swali la 4. Katika rejista ya wagonjwa kuna Bukuru wawili wa siku moja. Utafanya nini kwanza?

Majibu. La 1: tukio moja. La 2: mara sita. Usiandike kumi na mbili. La 3: unakili rejista mahali pengine, ndipo mengine yafuate. La 4: uulize namba ya kadi, jina la mama na kijiji. Kama hujapata jibu, acha mistari yote miwili na uweke alama ya kufuatilia.

7. MAMBO YA KUSHIKA

Namba ya aina ni jina la ugonjwa. EventRecordID ni kadi ya mgonjwa. Usizichanganye.

Mistari ikifanana, linganisha kabla ya kufuta.

Onyo linalojirudia kwa namba mpya kila mara ni onyo la kweli.

Nakala ya akiba itengenezwe kila wiki, na isikae ndani ya kompyuta ile ile.

Daftari la karatasi lisitupwe.

Ndugu msomaji, kesho ukifika kazini, kabla wagonjwa hawajaanza kupanga foleni, fungua daftari la System la kompyuta yako na ulitazame kwa dakika tano. Ukikuta mistari inayotoka disk, usingoje Ijumaa. Kuna akina mama wanaoamini kwamba watoto wao tumeshawaandika.